Uandishi wa Programu za XSLT kwa Moduli: Somo kutoka Rejesta ya Wagonjwa wa Nje

Malengo ya somo

Baada ya kusoma makala haya, msomaji atarajiwe aweze: kueleza kwa nini laha ndefu ya XSLT ni hatari katika kazi ya takwimu za afya, kutenga kanuni moja katika moduli yake, kutofautisha kujumuisha na kuagiza moduli, kulinda usiri wa mgonjwa pale data zinapogeuzwa umbo, na kuipima moduli kabla ya kuitumia. Makala yanawalenga watunza takwimu, wanafunzi wa fani za afya na waandishi wa programu walio katika vituo vya tiba. Ujuzi wa awali wa XML unatosha.

1. Utangulizi

Kagongwa ni mji mdogo ulio kando ya barabara kuu itokayo Isaka kwenda Kahama, mkoani Shinyanga. Mji huo unafahamika kwa biashara ya mchele na kwa mashine zake za kukoboa mpunga. Aidha, uko katika njia ya watu waendao machimboni, upande wa Bulyanhulu na Geita. Kwa mhudumu wa afya, mchanganyiko huo huonekana katika foleni ya asubuhi: mkulima, dereva wa lori, mchimbaji mdogo mwenye kikohozi kisichoisha, mama aliyempakata mtoto mwenye homa. Kila mmoja wao huandikwa katika rejesta, na rejesta hiyo ndiyo mwanzo wa takwimu zote zitakazoonekana wilayani, mkoani na wizarani.

Nchini Tanzania kazi hiyo hufanywa chini ya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Wagonjwa wa nje huandikwa katika Kitabu namba 5, wajawazito katika Kitabu namba 6, watoto katika Kitabu namba 7, na waliolazwa katika Kitabu namba 14. Mwisho wa mwezi hesabu hujumlishwa, kisha huingizwa katika DHIS2, mfumo wa kompyuta uliotokana na kazi iliyoanza Afrika Kusini katika miaka ya 1990 na ambao sasa huratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei. Mgawanyo huo wa vitabu una hekima ndani yake. Waliouunda hawakutaka daftari moja kubwa lenye kila kitu. Walitaka kila kitabu kiwe na kazi yake, na kasoro ya kitabu kimoja isivuruge kingine. Hekima hiyohiyo ndiyo itakayofundishwa hapa kwa upande wa programu.

Mfano utakaotumika ni wa kubuni: zahanati isiyotajwa jina, katika eneo la Kagongwa, inayotunza rejesta ya wagonjwa wa nje katika faili la XML na kulazimika kutoa ripoti ya mwezi kutoka faili hilo.

2. XSLT kwa ufupi

XSLT ni lugha ya kugeuza hati ya XML iwe hati nyingine: XML ya umbo tofauti, ukurasa wa kivinjari, au maandishi matupu. Toleo la 1.0 lilipitishwa na W3C tarehe 16 Novemba 1999 chini ya uhariri wa James Clark. Toleo la 2.0 lilifuata mwaka 2007, na la 3.0 mwaka 2017, yote mawili yakihaririwa na Michael Kay. Programu iliyoandikwa kwa lugha hii huitwa laha. Laha huundwa na violezo, na kila kiolezo hueleza: ukikutana na kitu cha namna hii katika hati ya chanzo, andika hiki katika hati ya matokeo.

Katika sekta ya afya lugha hii hufanya kazi bila kuonekana. Kiwango cha HL7 cha hati za tiba, kiitwacho CDA, husambazwa pamoja na laha ya XSLT inayoigeuza hati iwe ukurasa wa kusomwa na daktari. Vilevile Enketo, chombo kinachoonyesha fomu za utafiti katika kivinjari na kinachotumiwa na KoboToolbox, hutumia XSLT kuigeuza fomu kabla mhojaji hajaiona. Mtu anaweza kuitumia lugha hii kila siku asijue jina lake.

3. Laha ndefu moja na hatari zake

Hudhurio moja katika rejesta ya mfano limeandikwa hivi:

  <hudhurio tarehe="2024-03-11">
    <mgonjwa jinsi="KE" miezi="47">
      <jina>...</jina>
    </mgonjwa>
    <ugonjwa kodi="MAL" kipimo="mRDT" jibu="chanya"/>
  </hudhurio>

Umri umewekwa kwa miezi iliyotimia. Ripoti ya wagonjwa wa nje hutaka makundi matano ya umri: chini ya mwezi 1, mwezi 1 hadi chini ya mwaka 1, mwaka 1 hadi chini ya miaka 5, miaka 5 hadi chini ya miaka 60, na miaka 60 na kuendelea.

Mwandishi anayeanza huandika kiolezo kimoja kirefu. Ndani yake huweka mstari wa malaria wenye masharti matano ya umri, kisha huunakili mstari huo kwa ajili ya nimonia, kisha kuhara, kisha kifua kikuu. Programu hufanya kazi siku ya kwanza, na hapo ndipo mtego ulipo. Magonjwa yakifika thelathini, masharti ya umri huwa mia moja na hamsini. Mahali pamoja mwandishi ameandika «chini ya 60». Mahali pengine, kwa uchovu wa jioni, ameandika «60 au chini yake». Mtoto aliyetimiza miaka mitano kamili akija na malaria huhesabiwa kuwa wa miaka 5 na zaidi. Mtoto huyohuyo akija na nimonia huhesabiwa kuwa wa chini ya miaka 5. Ripoti haitoi kelele yoyote. Jumla ya wagonjwa wote hubaki sahihi, na msimamizi anayelinganisha jumla hiyo na rejesta haoni kasoro. Lakini ripoti hizo husomwa pale mahitaji ya dawa za watoto yanapokadiriwa, na kosa la herufi moja huishia katika kabati la dawa.

Mashine za mpunga za Kagongwa zinatoa mfano ulio wazi. Mpunga hukaushwa, hukobolewa, hutenganishwa na pumba, kisha mchele huchekechwa ili chenga ziwe upande wake. Mchele mzima ukitoka pamoja na chenga, fundi hukagua chekeche, hafungui injini. Anaweza kufanya hivyo kwa sababu kila sehemu ina kazi moja na mahali pake panajulikana. Laha ndefu isiyogawanywa ni mashine isiyo na sehemu: kasoro yoyote humlazimu fundi kuifumua yote.

4. Moduli ya kwanza: kundi la umri

Kanuni ya kwanza ya uandishi wa moduli ni kwamba kila uamuzi uandikwe mahali pamoja tu. Uamuzi wa kundi la umri unafaa kuwa kiolezo chenye jina, kikiwa peke yake katika faili umri.xsl:

  <xsl:template name="kundi-la-umri">
    <xsl:param name="miezi"/>
    <xsl:choose>
      <xsl:when test="$miezi &lt; 1">A</xsl:when>
      <xsl:when test="$miezi &lt; 12">B</xsl:when>
      <xsl:when test="$miezi &lt; 60">C</xsl:when>
      <xsl:when test="$miezi &lt; 720">D</xsl:when>
      <xsl:otherwise>E</xsl:otherwise>
    </xsl:choose>
  </xsl:template>

Kiolezo hiki hupokea kitu kimoja, umri kwa miezi, na kutoa kitu kimoja, herufi ya kundi. Hakijui malaria wala nimonia. Hakijui kama matokeo yataenda DHIS2 au yatachapishwa na kubandikwa ukutani. Kutojua huko ndiko nguvu yake, kwa kuwa anayekisoma ana jambo moja tu la kuhakiki.

Na akikihakiki kwa makini atagundua kasoro. Ikiwa mhudumu hakuandika umri, kigezo cha miezi huwa kitupu. Katika XSLT 1.0 kitu kitupu kikilinganishwa na namba kwa alama ya «chini ya», jibu huwa si kweli. Basi masharti yote manne hushindwa, na mgonjwa huangukia katika xsl:otherwise. Kichanga aliyeletwa usiku, ambaye umri wake haukuandikwa kwa haraka ya kumhudumia, huhesabiwa miongoni mwa wazee wa miaka 60 na zaidi. Dawa ya kasoro hiyo ni sharti moja linalotangulia mengine yote:

      <xsl:when test="string(number($miezi)) = 'NaN'">X</xsl:when>

Herufi X si kundi la sita la ripoti. Ni ishara kwa mtunza takwimu kwamba lazima arudi katika rejesta kabla ripoti haijatumwa. Katika laha ndefu ya sehemu iliyotangulia, marekebisho haya yangetakiwa kuandikwa mara thelathini, na pengine yangesahauliwa mara mbili. Katika moduli yameandikwa mara moja, na magonjwa yote yamefaidika.

5. Hatua tatu badala ya moja

Kanuni ya pili ni kutenganisha hatua za kazi. Kutoa ripoti kunajumuisha mambo matatu yanayofanana na jambo moja kwa macho ya mgeni: kusafisha data, kuhesabu, na kuandika matokeo katika umbo linalotakiwa. Kila jambo linastahili laha yake.

Laha ya kwanza, safisha.xsl, hupita katika kila hudhurio, huita moduli ya umri na kuandika kundi kama sifa mpya:

  <xsl:template match="hudhurio">
    <hudhurio>
      <xsl:copy-of select="@tarehe | mgonjwa/@jinsi"/>
      <xsl:attribute name="kundi">
        <xsl:call-template name="kundi-la-umri">
          <xsl:with-param name="miezi" select="mgonjwa/@miezi"/>
        </xsl:call-template>
      </xsl:attribute>
      <xsl:copy-of select="ugonjwa"/>
    </hudhurio>
  </xsl:template>

Laha ya pili, hesabu.xsl, sasa ina kazi nyepesi. Idadi ya watoto wa kundi C waliothibitika kuwa na malaria hupatikana kwa usemi mmoja usio na hesabu ya umri ndani yake:

  count(hudhurio[@kundi='C'][ugonjwa[@kodi='MAL'][@jibu='chanya']])

Laha ya tatu, umbo.xsl, huchukua hesabu hizo na kuziandika kwa namna ambayo DHIS2 inaipokea, ambapo kila thamani huambatana na kitambulisho cha kipengele cha data, kipindi, na kituo. Vitambulisho hivyo vya DHIS2 ni mifuatano ya herufi na tarakimu kumi na moja isiyokumbukika kwa urahisi, hivyo haifai kutawanywa ndani ya programu. Hukaa katika faili la pekee, kodi.xml, na laha huvisoma kwa fankisheni ya document(). Kitambulisho kikibadilika, mtunza takwimu hurekebisha jedwali, programu haiguswi.

Hatua hizo huunganishwa kwa amri tatu:

  xsltproc safisha.xsl rejesta.xml > hatua1.xml
  xsltproc hesabu.xsl hatua1.xml > hatua2.xml
  xsltproc umbo.xsl hatua2.xml > ripoti.xml

Faida kubwa ya mpangilio huu huonekana siku ya matatizo. Namba ya ajabu ikitokea katika ripoti, mtunza takwimu hufungua hatua2.xml. Ikiwa namba ni ya ajabu humo pia, hufungua hatua1.xml. Kwa njia hiyo kosa hufuatwa hadi lilipozaliwa, kama maji ya bomba linalovuja yanavyofuatwa kiungo kwa kiungo.

6. Kujumuisha na kuagiza

Moduli iliyo katika faili lake huletwa katika laha kwa njia mbili. Agizo la xsl:include huijumuisha moduli kana kwamba maneno yake yameandikwa papo hapo. Violezo vyake huwa na hadhi sawa na vya laha inayoijumuisha. Kwa sababu hiyo violezo viwili vyenye jina moja ni kosa, na kompyuta hulitangaza.

Agizo la xsl:import huiagiza moduli lakini kwa hadhi ya chini. Laha inayoagiza ikiwa na kiolezo chake cha jina hilohilo, kiolezo chake ndicho kinachoshika. Katika toleo la 1.0 na la 2.0, maagizo ya xsl:import lazima yatangulie kila kitu kingine katika ngazi ya juu ya laha.

Tofauti hiyo ina matumizi ya moja kwa moja. Ichukuliwe kwamba vituo vya halmashauri moja vinatumia laha ya pamoja, msingi.xsl. Zahanati iliyo jirani na wachimbaji wadogo inataka kuongeza jambo moja: mgonjwa mwenye kikohozi anayefanya kazi ya kusaga mawe aonyeshwe pekee, kwa kuwa vumbi la silika huharibu mapafu na huongeza hatari ya kifua kikuu. Njia mbaya ni kunakili msingi.xsl na kuihariri nakala. Baada ya mwaka mmoja nakala na asili zitakuwa zimeachana, wala hakuna atakayekumbuka zilipoachana. Njia njema ni kuandika laha fupi inayoagiza msingi.xsl na kubadilisha kiolezo cha kikohozi peke yake. Ndani ya kiolezo hicho, xsl:apply-imports huiita kazi ya kawaida ya msingi, kisha nyongeza ya mahali hufuata. Marekebisho ya halmashauri huendelea kuifikia zahanati, na mahitaji ya zahanati hayaivurugi halmashauri.

Ushauri wa jumla ni huu: moduli isiyotarajiwa kubadilishwa, kama ya umri, ijumuishwe, ile inayotarajiwa kurekebishwa mahali kwa mahali iagizwe.

7. Modi na usiri wa mgonjwa

Data zilezile huhitajika kwa madhumuni tofauti. Ripoti ya mwezi haihitaji jina la mtu yeyote. Barua ya rufaa kwenda hospitali ya Kahama haiwezi kukosa jina. XSLT hutoa modi kwa ajili hiyo: kiolezo cha mgonjwa chenye mode="rufaa" huandika jina na umri, na kile chenye mode="jumla" hakiandiki chochote cha kumtambulisha.

Hapa pana hatari ambayo kila mwandishi katika sekta ya afya anapaswa kuijua. XSLT ina violezo vya asili vinavyofanya kazi pale mwandishi asipoandika vyake. Elementi isiyo na kiolezo hupitishwa hadi kwa watoto wake, na maandishi yanayokutwa hunakiliwa katika matokeo. Kwa hiyo jina lililo ndani ya elementi ya <jina>, likikosa kiolezo, huweza kujitokeza katikati ya ripoti. Katika mji mdogo ambamo watu wanafahamiana, jina moja lililokaa karibu na neno la kifua kikuu au virusi vya UKIMWI linaweza kumgharimu mtu ndoa yake au kibarua chake.

Kinga yake ni mstari mmoja unaozima maandishi yote katika modi ya ripoti:

  <xsl:template match="text()" mode="jumla"/>

Kinga iliyo bora zaidi imekwisha kuonekana katika sehemu ya 5. Laha ya safisha.xsl hunakili vitu vilivyotajwa tu: tarehe, jinsi, kundi na ugonjwa. Jina halikutajwa, basi halivuki hatua ya kwanza, na laha mbili zinazofuata haziwezi kulitoa hata zikikosewa. Usiri uliolindwa mlangoni hauhitaji mlinzi katika kila chumba. Kiolezo hicho pia ni mahali pamoja pa kukagua: anayetaka kujua ni taarifa gani za mgonjwa zinazotoka nje ya rejesta husoma mistari isiyozidi kumi na mitano.

8. Kupima moduli

Moduli ndogo ina sifa nyingine: inaweza kupimwa kwa mkono. Kwa moduli ya umri, huandaliwa faili lenye wagonjwa tisa wa kubuni. Wanane wana miezi 0, 1, 11, 12, 59, 60, 719 na 720. Wa tisa hana umri. Matokeo yanayotarajiwa ni A, B, B, C, C, D, D, E na X. Umri uliochaguliwa ni ule wa mipakani, kwa sababu mipakani ndiko makosa yanakojificha. Mgonjwa wa miezi 30 angeingia kundi sahihi hata katika programu mbovu.

Baada ya hapo jumla hukaguliwa: hesabu ya makundi yote, pamoja na X, lazima ilingane na idadi ya mahudhurio katika rejesta. Faili hilo la majaribio litunzwe pamoja na moduli, na lipitishwe tena kila mara moduli inapoguswa. Kwa wanaotaka kuendelea mbele, ipo zana ya XSpec, iliyoanzishwa na Jeni Tennison, ambayo huendesha majaribio ya namna hii yenyewe.

9. Mipaka ya kugawa

Kugawa nako kuna kiasi. Laha ya mistari mia mbili ikigawanywa katika faili arobaini, msomaji hutumia muda mwingi kutafuta kuliko kuelewa. Kipimo kinachofaa ni swali hili: je, sehemu hii inaweza kubadilika kwa sababu yake yenyewe, wakati sehemu nyingine zimetulia? Makundi ya umri yanaweza kubadilishwa na Wizara. Vitambulisho vya DHIS2 vinaweza kubadilishwa na wasimamizi wa mfumo. Umbo la rejesta linaweza kubadilishwa na kituo. Hizo ni sababu tatu, na zinastahili mahali patatu. Vitu vinavyobadilika pamoja vikae pamoja.

Majina nayo ni sehemu ya moduli. Kiolezo kiitwacho kundi-la-umri hujieleza kwa mtunza takwimu atakayehamishiwa kituoni mwakani. Kiitwacho t7 humlazimu amtafute aliyehama.

10. Hitimisho

Mtoto wa miezi 47 aliyeandikwa Kagongwa asubuhi ya Jumatatu hawezi kuhakiki alihesabiwa wapi. Mama yake naye hawezi. Wote wawili humtegemea aliyeandika rejesta kwa kalamu, na aliyeandika programu ya kuijumlisha. Uandishi wa moduli hauondoi makosa ya binadamu. Huyaweka mahali yanapoweza kuonekana na kurekebishwa mara moja kwa wote.

Maswali ya kujipima

1. Mhudumu ameandika kwa makosa miezi -3. Moduli ya umri itamweka mgonjwa huyo katika kundi gani? Andika sharti la kuzuia kosa hilo, na ueleze ni faili gani litakaloguswa.

2. Wizara ikiamua kuligawa kundi la miaka 5 hadi chini ya miaka 60 katika makundi mawili, ni faili zipi kati ya umri.xsl, safisha.xsl, hesabu.xsl, umbo.xsl na kodi.xml zitakazohitaji kubadilishwa, na zipi hazitaguswa?

3. Kituo kimeongeza elementi ya <simu> katika rejesta, chini ya <mgonjwa>. Eleza kwa nini namba hiyo haitatokea katika ripoti ya mwezi, hata kama hakuna aliyeikumbuka.